Maswali ya Wasomaji: Mlo wa Nyama Tupu, Mazoezi na Afya

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinahusu jambo moja. Wasomaji wameamua kula nyama tupu, baadhi yao wakiongeza mayai na samaki, na wameacha kabisa nafaka, mizizi, mboga, matunda na kunde. Wapo walioona mabadiliko mema na wanataka kujua kama waendelee, na wapo waliopatwa na matatizo wasiyoyatarajia, hasa wanaofanya mazoezi. Nimechagua barua tano ambazo zikisomwa pamoja zinagusa karibu yote yaliyoulizwa. Barua zimefupishwa bila kubadilishwa maana, na majina ya walioziandika yamehifadhiwa.

Nimepungua na ninajisikia vizuri. Je, mboga ndizo zilizokuwa zikinidhuru?

*Ndugu Mshauri, nina umri wa miaka 43 na kazi yangu ni ya kukaa. Kwa miaka mingi nilianza siku kwa chai yenye sukari nyingi na mkate mweupe, mchana nikanywa soda, na usiku nikatafuna biskuti mbele ya runinga hadi pakiti iishe. Miezi minne iliyopita niliacha vyote, nikawa nakula nyama ya ng'ombe, mayai na samaki kwa chumvi na maji tu. Nimepungua kilo 11, tumbo halijai gesi tena, na usingizi ulionilemea kila mchana umekwisha. Rafiki aliyenishawishi anasema huu ni ushahidi kwamba mboga na matunda vilikuwa vikinidhuru. Je, ni kweli?*

Ndugu yangu, hongera. Kupunguza kilo 11 na kuacha soda baada ya miaka mingi ya mazoea si kazi nyepesi, na ninaamini kila unachosema kuhusu hali yako. Ninachokikataa ni hitimisho la rafiki yako, kwa sababu barua yako mwenyewe inalipinga. Pitia tena vitu ulivyokuwa ukila: sukari, mkate mweupe, soda, biskuti. Mboga hazimo, wala matunda. Mtu hawezi kupona madhara ya chakula ambacho hakuwa akikila.

Kwanza nieleze jinsi uzito ulivyopungua. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli kwa umbo la glikojeni, kwa kawaida kiasi cha nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu ya glikojeni hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Mtu anapoacha wanga ghafla, akiba hiyo hutumika ndani ya siku chache na maji yake hutoka kwa njia ya mkojo, ndiyo maana mizani hushuka kwa kasi wiki ya kwanza na kumfurahisha kila anayeanza. Kupungua kunakofuata baada ya hapo ndiko kupungua kwa mafuta kwa kweli, na chanzo chake ni kwamba unakula nishati kidogo kuliko zamani bila kulazimika kuhesabu. Protini hushibisha kuliko wanga au mafuta, na tena ni vigumu sana mtu kula mapande ya nyama kwa namna alivyokuwa akila biskuti, moja baada ya nyingine bila kujitambua.

Hapa kuna utafiti ambao ningependa rafiki yako aufahamu. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu wazima 20 walikaa ndani ya kituo cha utafiti kwa mwezi mzima. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana, na kwa wiki mbili nyingine vyakula visivyosindikwa, huku milo iliyoandaliwa ikiwa imelinganishwa kwa nishati, sukari, mafuta na nyuzinyuzi, na kila mmoja akiachwa ale atakavyo. Walipokuwa kwenye vyakula vilivyosindikwa walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka karibu kilo moja. Walipokuwa kwenye vyakula halisi walipungua kwa kiasi kama hicho hicho. Watu hao hawakunyimwa matunda, mboga wala nafaka, na bado walipungua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mafanikio yako, kwa maoni yangu, imetokana na ulichokiondoa, na ungeweza kuyapata mafanikio hayo huku sahani yako ikiwa na mboga za majani.

Wapenzi wa mlo huu hupenda pia kumtaja Vilhjalmur Stefansson, msafiri wa maeneo ya Aktiki aliyeishi na Wainuiti, wenyeji wa huko ambao chakula chao kikuu kilikuwa nyama na samaki, na kula kama wao. Mwaka 1928 yeye na mwenzake, Karsten Andersen, walianza kula nyama tupu kwa mwaka mmoja chini ya uangalizi wa madaktari, kwanza wakiwa ndani ya Hospitali ya Bellevue, New York, na hawakuonyesha dalili za upungufu wa vitamini. Habari hiyo ni ya kweli, lakini husimuliwa nusu. Walikula nyama pamoja na maini, figo, ubongo na uboho wa mifupa, na takriban robo tatu ya nishati yao ilitokana na mafuta. Stefansson alipopewa mnofu usio na mafuta mwanzoni mwa jaribio, alipata kuhara na kujisikia vibaya ndani ya siku chache, akapona mara aliporudishiwa mafuta. Zaidi ya hayo, watu wawili kwa mwaka mmoja hawawezi kutueleza mishipa ya moyo inakuwaje baada ya miaka 20.

Hilo la mishipa ndilo linalonitia wasiwasi juu yako, maana ni jambo lisiloumiza wala kuonekana kwenye kioo. Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi wa watu 2,029 waliokuwa wakifuata mlo wa nyama, wengi wao wakieleza kwamba wameridhika na afya zao. Walijieleza wenyewe na walipatikana kupitia mitandao ya kijamii, kwa hiyo walioshindwa na kuacha hawakuwa na nafasi kubwa ya kusikika. Hata hivyo, miongoni mwa waliotoa majibu ya maabara, kiwango cha kati cha lehemu mbaya, yaani LDL, kilikuwa miligramu 172 kwa desilita, kiwango ambacho daktari yeyote angekiona kuwa cha juu. LDL ya juu inayodumu kwa miaka huchangia kuziba kwa mishipa ya damu, iwe mwenye nayo ni mnene au mwembamba.

Nakuomba basi uende ukapime lehemu zote, wastani wa sukari ya damu wa miezi miwili au mitatu iliyopita (HbA1c), shinikizo la damu na utendaji wa figo. Ikiwa LDL yako imepanda, usikubali maelezo kwamba kwenu ninyi mnaokula nyama LDL hiyo haina madhara. Punguza mafuta yanayoganda, ongeza samaki, rudisha kunde na mboga, kisha upime tena baada ya miezi miwili au mitatu. Kuhusu gesi, ninakubali kwamba huenda kuna chakula fulani kilichokuwa kikikusumbua, kwa mfano ngano au maziwa. Namna ya kukitambua nimeieleza kwenye jibu la barua ya mwisho.

Miguu imekuwa mizito mazoezini

*Mheshimiwa Mshauri, mimi ni mwanamke wa miaka 29, nina uzito wa kilo 62. Nakimbia mara nne kwa wiki na kunyanyua vyuma mara mbili. Nilianza mlo wa nyama wiki tano zilizopita ili nijenge misuli. Nikikimbia polepole sioni tofauti, lakini nikifika kwenye kilima au nikijaribu mbio fupi za kasi, mapaja yanakuwa kama yamefungwa mawe. Usiku nashikwa na mkakamao wa mashavu ya miguu, na nikiinuka ghafla naona kizunguzungu. Mwalimu wangu wa mazoezi anasema nivumilie, mwili unazoea. Nivumilie hadi lini?*

Dada yangu, umeeleza dalili zako kwa uangalifu mkubwa, na uangalifu huo umenirahisishia kazi. Una matatizo mawili tofauti yaliyokuja kwa wakati mmoja, na moja tu kati yake ndilo la kuzoeleka.

Mkakamao na kizunguzungu vinafanana sana na upungufu wa chumvi na maji. Wanga unapoondoka, homoni ya insulini hushuka, na figo huanza kutoa sodiamu nyingi zaidi kuliko kawaida pamoja na maji. Wewe unaongeza jasho juu ya hapo. Ikiwa huna shinikizo la juu la damu wala ugonjwa wa figo au wa moyo, kunywa mchuzi uliotiwa chumvi kabla ya mazoezi, na usiumwage mchuzi unapochemsha nyama, kwa kuwa sehemu kubwa ya potasiamu ya nyama huhamia kwenye maji hayo. Kama kizunguzungu hakitaondoka baada ya siku chache, au moyo ukidunda bila mpangilio, nenda hospitali ukapimwe madini ya damu. Hilo si la kuvumilia.

Uzito wa miguu kilimani una maelezo mengine. Katika mwendo wa taratibu mwili unaweza kutegemea mafuta, na wewe umeona mwenyewe kwamba mbio zako za polepole hazikuathirika. Kadiri kasi inavyoongezeka, misuli huhitaji nishati haraka kuliko mafuta yanavyoweza kuitoa, na wakati huo hugeukia glikojeni. Akiba yako ya glikojeni sasa ni ndogo, ndiyo maana tatizo hujitokeza palepale unapokaza mwendo na kutoweka unapopunguza. Isitoshe, mafuta hutoa nishati kidogo kuliko wanga kwa kila lita ya oksijeni inayotumika. Louise Burke na wenzake walilipima jambo hili nchini Australia kwa wanariadha wa kutembea kwa kasi wa kiwango cha kimataifa, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2017. Baada ya takriban wiki tatu za mazoezi makali, waliokula wanga wa kutosha waliboresha muda wao wa kilomita 10. Waliokula mafuta mengi na wanga kidogo sana walifikia uwezo mkubwa wa kuchoma mafuta, lakini walihitaji oksijeni zaidi kwa kasi ileile na muda wao haukuboreka. Hao hawakuwa wakila nyama tupu, lakini upungufu wa wanga ni uleule.

Kuhusu misuli, nadhani umepewa hesabu isiyo sahihi. Mtu mzima wa kawaida huhitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na anayenyanyua vyuma hunufaika kwa kuongeza hadi karibu gramu 1.6. Kwa uzito wako hiyo ni kama gramu 100, nazo hupatikana kwenye takriban gramu 350 za nyama iliyopikwa, bila kuhesabu mayai, maziwa wala maharagwe. Protini inayozidi hapo sana haikujengei misuli mingine. Misuli hujengwa na uzito unaounyanyua, kwa kuuongeza hatua kwa hatua na kulala vya kutosha, na glikojeni ikiwapo utaweza kurudia zoezi mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka.

Ushauri wangu ni kwamba uache nyama iwe sehemu ya mlo na urudishe wanga kwenye siku za mazoezi makali: viazi, wali, ndizi au shayiri, saa mbili au tatu kabla ya zoezi na tena baada yake. Mwalimu wako ana haki ya kukupangia mazoezi, lakini mwili unaokakamaa usiku ni wako. Angalia pia hedhi yako. Mwanamke anayefanya mazoezi mengi huku akila nishati pungufu anaweza kukosa hedhi, na ikikosekana kwa miezi mitatu mfululizo mwone daktari, kwa sababu mifupa huanza kudhoofika.

Kukosa choo, na hofu ya kiseyeye

*Ndugu Mshauri, tangu nianze nyama tupu napata choo mara moja kwa siku nne au tano, nacho ni kigumu. Pia ufizi unatoa damu nikipiga mswaki. Nyama naichemsha kwa muda mrefu sana kwa sababu meno yangu ni mabovu. Nina miaka 66.*

Mzee wangu, shikamoo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na nyama haina hata gramu moja. Wapo wanaokula nyama tupu wakapata choo kidogo lakini laini, na hao hawana tatizo. Choo kigumu cha kila siku tano ni tatizo. Vilevile nyama mbichi ina vitamini C kidogo sana, na kuichemsha kwa muda mrefu hupunguza hata hiyo iliyopo. Dalili za kiseyeye huweza kujitokeza baada ya mwezi mmoja hadi mitatu ya kukosa vitamini hiyo, zikiwamo uchovu, ufizi unaotoa damu na vidonda visivyopona. Tangu James Lind alipowapa mabaharia machungwa na malimau mwaka 1747 tumejua kwamba tiba yake ni rahisi: miligramu 10 kwa siku zinatosha kuzuia ugonjwa, na chungwa moja lina mara kadhaa ya kiasi hicho.

Kwa hiyo anza leo kula matunda laini, papai au chungwa, na mboga zilizopondwa, na unywe maji ya kutosha. Ufizi unaweza kutoa damu kwa sababu ya ugonjwa wa meno pia, kwa hiyo daktari wa meno akuone. Ukiona damu kwenye choo, au mabadiliko ya choo yakiendelea baada ya kurudisha nyuzinyuzi, usisubiri: kwa umri wako utumbo mpana unapaswa kuchunguzwa.

Mume wangu ana kisukari na ameacha kwenda kliniki

*Mpendwa Mshauri, mume wangu ana miaka 52, ana kisukari cha aina ya pili na anatumia vidonge vya aina mbili. Ameanza kula nyama tupu, soseji zikiwamo, na sukari yake imeshuka vizuri sana. Amefurahi hadi anasema kliniki haina kazi tena. Juzi usiku alitokwa na jasho jingi, akatetemeka na kuongea maneno yasiyoeleweka. Alipokunywa maji ya sukari akapata nafuu. Nifanye nini?*

Mama, barua yako ndiyo iliyonifanya nitake kuandika ukurasa huu wote. Ulichokiona usiku ule ni dalili za sukari kushuka kupita kiasi, na kitendo chako cha kumpa sukari kilikuwa sahihi kabisa. Akipoteza fahamu siku nyingine usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.

Sukari yake kushuka ni habari njema. Kupunguza wanga kwa kweli hushusha sukari ya damu, na madaktari wengi hulikubali jambo hilo. Lakini vidonge vyake vilipangwa kwa mlo wa zamani. Dawa kama glibenklamidi na gliklazidi huilazimisha kongosho kutoa insulini hata pale ambapo mtu hajala wanga, na mtu anayechoma insulini yuko kwenye hatari hiyohiyo. Zipo pia dawa za kundi jingine, kama dapagliflozini na empagliflozini, ambazo zikikutana na mlo usio na wanga zinaweza kusababisha mrundikano wa tindikali za ketoni kwenye damu hata kipimo cha sukari kinapoonyesha namba nzuri. Kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuhema kwa kasi kwa mtu anayetumia dawa hizo ni dharura.

Tafadhali chukua pakiti za dawa zake pamoja na kumbukumbu za vipimo vya nyumbani, mwende wote kliniki kesho, si siku ya miadi. Mweleze kwamba haendi kushtakiwa kwa kuacha wali. Anakwenda kupunguziwa dawa, na sidhani kama mwanamume yeyote atachukizwa na habari hiyo. Waombe wampime kreatinini na albumini kwenye mkojo, kwa sababu kisukari huharibu figo kimyakimya, na figo zilizokwisha dhoofika hazipaswi kubebeshwa protini nyingi.

Soseji ziondoke. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliziweka nyama zilizosindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na kukadiria kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Kama anapenda wanga kidogo, mlo wa samaki, kuku, mayai, mboga za majani kwa wingi, karanga na kunde kiasi utamfikisha anakotaka.

Nataka kurudisha vyakula vingine lakini naogopa kunenepa

*Ndugu Mshauri, nimekula nyama tupu kwa karibu mwaka mzima. Nimechoka, na ningependa kula na familia yangu. Lakini kila nikijaribu kurudi nakula kila kitu kwa pamoja, tumbo linavimba na mizani inapanda kilo mbili kwa siku mbili. Nianzie wapi?*

Ndugu msomaji, kilo mbili za siku mbili si mafuta. Ni glikojeni na maji yake yakirudi mahali pake, na hayo niliyaeleza kwenye jibu la kwanza. Yategemee, na kwa wiki mbili za mwanzo pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani badala ya kupanda mizani kila asubuhi.

Tumbo kuvimba kunatokana na haraka. Bakteria wa utumbo mpana ambao kazi yao ni kuchachusha nyuzinyuzi hupungua wasipolishwa, na ukiwamwagia kunde, kabeji na mkate wa ngano kwa siku moja lazima gesi ijae. Anza na chakula kimoja kwa kiasi kidogo, ukile siku tatu mfululizo kabla ya kuongeza kingine. Mboga za majani zilizopikwa na karoti huwasumbua watu wachache. Zifuate na matunda, kisha viazi na wali, baada ya hapo shayiri, na kunde zilizolowekwa usiku kucha na kupikwa zikaiva kabisa. Ngano, maziwa na vitunguu viache mwishoni, kila kimoja peke yake, maana ndivyo vinavyolalamikiwa zaidi. Andika tarehe, chakula, kiasi, hali ya tumbo na hali ya choo. Ukifika kwenye chakula kinachokuletea shida utakijua kwa jina, nawe utakiacha hicho tu badala ya kuacha bustani nzima.

Nyama huna haja ya kuiacha. Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani unashauri nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki baada ya kupikwa, na siku nyingine zinaweza kujazwa na samaki, kuku, mayai na kunde. Kama umewahi kuugua jongo, maini na figo za wanyama uziepuke. Sukari, soda na biskuti usizirudishe, kwani hizo hazimo kwenye zoezi hili. Tembea kwa kasi dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, ukiongeza siku mbili za mazoezi ya nguvu, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kwa mtu mzima, na matembezi mafupi baada ya mlo wenye wanga yatasaidia misuli kuitumia sukari hiyo kabla haijakaa kwenye damu muda mrefu. Chakula cha kwanza cha pamoja na familia panga kiwe cha mboga ulizokwisha kuzijaribu, na uwaeleze mapema kwamba vingine utaviongeza wiki baada ya wiki, ili asiwepo atakayekuongezea sahani kwa upendo.